Katikati ya Sinia la Krismasi Pawe na Tunda

Anayepanga sinia la nyama kavu na jibini kwa ajili ya Krismasi mara nyingi huanzia pembeni. Anatandaza salami, anakunja hemu kwa umbo la waridi, anajaza korosho na zabibu penye mapengo, kisha anatafuta kitu cha kuweka katikati ili sinia lipendeze. Hapo ndipo huja jibini zima lililookwa, au tufe la jibini laini lililoviringishwa kwenye njugu zilizopondwa, au nanasi na taji lake. Hoja yangu ni kwamba kazi ianzie katikati, na kwamba kinachofaa kukaa hapo kuliko vyote ni tunda lililopikwa na sukari mpaka likashikana na kukatika kwa kisu. Urembo ni sehemu ndogo ya sababu zangu. Nyingine zote zimo kwenye chumvi, kwenye mafuta na kwenye joto la chumba ambamo sinia litakaa.

Chakula hiki asili yake ni Ulaya, na kilianza kama njia ya kuhifadhi nyama karne nyingi kabla ya friji. Mafundi wa sharkuteri wa Paris walikuwa na chama chenye kanuni zake tangu karne ya 15, wakiuza nyama ya nguruwe iliyopikwa. Huko Parma, kaskazini mwa Italia, paja la nguruwe hutiwa chumvi peke yake, kisha hutundikwa likauke taratibu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Salami hupita njia nyingine: nyama iliyosagwa huchanganywa na chumvi, huachwa ichachushwe na bakteria wanaotoa asidi ya laktiki, ndipo hutundikwa. Njia zote mbili zinawanyima vijidudu maji. Wataalamu wa chakula hupima maji yaliyo huru ndani ya chakula kwa kipimo cha 0 hadi 1. Nyama mbichi iko karibu na 0.99, na chakula kikishuka chini ya 0.85, bakteria wanaoleta maradhi hawawezi kuzaliana ndani yake. Lakini maji yanapoondoka, kilichobaki hukolea. Nyama ya Parma ina chumvi asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake. Jibini ya cheddar, ambayo ndiyo ya kawaida kabisa, ni mafuta ya maziwa tupu kwa karibu theluthi moja. Kila kitu kwenye sinia hili, isipokuwa matunda na mkate, ni chumvi na mafuta yaliyokolezwa.

Kinywa hakivumilii mchanganyiko huo kwa muda mrefu. Tonge la kwanza ni tamu, la pili pia, na kufika la sita ulimi umefunikwa utando na ladha zote zinaanza kufanana. Mwaka 2012 watafiti wa Kituo cha Monell kilichopo Philadelphia, Marekani, walichapisha katika jarida la Current Biology jaribio linalolenga jambo hili hasa. Waliwapa watu nyama kavu ya kutafuna, wakipokezana nayo mafunda ya chai au ya maji. Chai ilipunguza hisia ya mafuta kinywani kuliko maji, na kazi hiyo ilifanywa na ukakasi wake, ile hali ya kinywa kukauka na kukunjamana anayoijua kila aliyeuma bibo au pera bichi. Ukakasi hutokana na tanini kushikamana na protini zinazoteleza ndani ya mate. Mafuta hulainisha kinywa na ukakasi hukikausha, na vikipokezana kila kimoja hukirudisha kingine mahali pake. Kutokana na jaribio hilo naona birika la chai ya rangi isiyo na sukari lina haki ya kukaa kando ya sinia hili kuliko soda yoyote. Naona pia kwamba kitu kikubwa kuliko vyote siniani, kile ambacho mkono wa mgeni utakirudia mara kwa mara, hakina budi kuwa kichachu na chenye ukakasi.

Sasa tulitazame jibini lililookwa, maana ndilo linalopendwa sana kwa kazi hii. Camembert ya Normandie ina uzito wa gramu 250. Hukatwa mistari juu, hutiwa asali na rozmari, huingizwa kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20, na hutoka ikiwa imeyeyuka ndani. Kwa dakika chache hizo hakuna kitu kitamu kuishinda. Kisha inaanza kupoa, protini zake zinakazana, mafuta yanajitenga, na kilichokuwa kinamiminika kinakuwa kinata. Wageni wa sherehe hawafiki kwa mpigo mmoja. Anayechelewa nusu saa anakuta bakuli la ugumu wa manjano ambalo hakuna anayeligusa. Hata ikiwa bado moto, jibini hiyo haikutatua lolote, kwa sababu imeongeza mafuta juu ya mafuta na chumvi juu ya chumvi. Wamarekani wengi wanalijua hilo bila kuambiwa, ndiyo maana huifunika kwa jemu ya kranberi, tunda dogo jekundu la kwao lenye uchachu na ukakasi mwingi. Ninachokiona hapo ni kwamba jemu ndiyo inayofanya kazi, na jibini ndiyo inayopewa kiti.

Wahispania walimpa mwenye kazi kiti chake zamani. Wana tunda gumu la jamii ya peasi, membrillo, lenye ukakasi mkali kiasi kwamba ni wachache wanaoweza kulila bichi. Hulipika na sukari mpaka liwe bonge jekundu linalokatika, na hulila vipande kwa vipande na jibini ya kondoo ya Manchego. Wareno nao walikuwa na chakula cha aina hiyo hiyo, na nchini Brazili mahali pa tunda la Ulaya pakachukuliwa na pera. Goiabada, yaani pera lililopikwa likashikana, huliwa na jibini nyeupe ya Minas, na Wabrazili wameupa mchanganyiko huo jina la Romeo na Juliet. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ni habari njema, kwa sababu mapera hayatulazimu kuagiza chochote kutoka nje. Mti wake upo uani, pembeni ya mashamba na kwenye mabonde, na matunda mengi huishia kuoza chini.

Pera lina pektini nyingi, na pektini ndiyo siri ya chakula hiki kusimama. Sukari inapozidi asilimia 55 na uchachu ukatosha, nyuzi za pektini hushikana na kutengeneza wavu unaolikamata tunda lote. Wavu huo haufanani na ule wa jelatini, ambao hulegea kwenye joto lililo karibu na la mwili. Chakula cha jelatini kilichopambwa asubuhi mjini Mombasa au Dar es Salaam mwezi Desemba kitakuwa kimeinama kabla ya chakula cha mchana, wakati bonge la pera litabaki na kingo zake. Zaidi ya hayo, sukari hufunga maji ya tunda kwa namna ile ile chumvi ilivyoyafunga maji ya nyama. Kwa hiyo kitu cha katikati kinaweza kupikwa wiki nzima kabla ya sikukuu, na siku yenyewe kikakaa mezani tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho.

Kukitengeneza kunataka subira kuliko ustadi. Chagua mapera yenye nyama nyekundu, yaliyoiva lakini bado yanasukuma kidole, kwa kuwa pektini hupungua tunda linapolainika sana. Yachemshe kwa maji machache hadi yalegee, yapitishe kwenye chujio ubakize mbegu, kisha upime uji uliopatikana. Kwa kila kilo moja tia sukari gramu 800 na maji ya ndimu mbili. Tumia sufuria yenye kitako kizito na mwiko mrefu, maana mchanganyiko ukishakuwa mzito hurusha matone yanayounguza. Moto uwe mdogo, na mkono usitoke. Baada ya muda, pengine kama saa moja, rangi itatoka kwenye waridi na kuingia kwenye wekundu wa matofali, povu litakwisha, na mapovu yatapasuka kwa uzito na sauti. Pitisha mwiko katikati ya sufuria: uji ukirudi mara moja kuziba njia, endelea, njia ikibaki wazi na kitako kikaonekana, na bonge likawa linaachana na kuta za sufuria, limeiva. Limimine kwenye chombo cha kuokea keki chenye tundu katikati, kilichopakwa mafuta kidogo, uliache siku nzima lishike. Likipinduliwa hutoka pete nyekundu inayong'aa, na tundu lake hujazwa punje za komamanga, ambazo nazo zina uchachu na tanini. Kilo moja ya uji hutosha watu 30 kwa raha.

Kuna watakaosema kwamba kitu cha katikati ni pambo, na pambo halidaiwi ladha. Historia ya meza za Ulaya ina mifano mingi ya mawazo hayo. Marie-Antoine Carême, mpishi mashuhuri wa Ufaransa aliyezaliwa miaka ya 1780, alijenga mahekalu na magofu kwa sukari na lozi, kazi za ajabu zilizowekwa mezani hasa kwa ajili ya macho. Nchini Uingereza katika karne ya 18 nanasi lilikuwa ghali kiasi kwamba wenye karamu walilikodi kwa jioni moja, wakaliweka katikati ya meza na kulirudisha likiwa zima. Meza za namna hiyo zilikuwa na vyakula vingine kumi vya kuwashibisha watu. Sinia la leo ndilo mlo wenyewe, au angalau ndilo kitangulizi chake, na nafasi ya katikati ndiyo kubwa kuliko zote. Kuikabidhi kwa kitu kisicholiwa ni kuwapunguzia wageni chakula. Na nanasi bichi lina tatizo lake la pekee: lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachovunjavunja protini, na juisi yake ikifika kwenye jibini laini huiachia uchungu. Anayelipenda nanasi alichome kwanza, kwa kuwa joto hukiua kimeng'enya hicho. Hata hivyo juisi ya tunda lolote bichi ikivuja kwenye nyama kavu huirudishia juu juu yale maji iliyochukua mwaka mzima kuyaondoa, na biskuti za chumvi zilizo karibu hulegea.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wasiokula nguruwe, ambao kwa sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili ndio walio wengi mezani au angalau wamo. Wao huambiwa kwamba bila nguruwe sinia hili halipo. Si kweli. Bresaola ya bonde la Valtellina, Italia, ni ya ng'ombe. Pastirma ya Kayseri, Uturuki, ni ya ng'ombe, imepakwa uwatu, kitunguu saumu na pilipili, na biltong ya Afrika Kusini hukaushwa kwa siki na giligilani. Kilichobaki ni kuhakikisha uchinjaji. Nyama hizi zina mafuta machache kuliko za nguruwe lakini chumvi yake ni ile ile, na pera hulingana na viungo vya pastirma kwa namna ambayo hemu haiwezi. Atakayelalamika kuhusu sukari nina jibu fupi: kipande kinachotosha ni chembamba kama sarafu mbili zilizopangana, na asiyetakiwa kula sukari ana korosho.

Joto ndilo linaloniondolea shaka iliyobaki. Idara ya Kilimo ya Marekani inashauri chakula kinachoharibika kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na muda huo unashuka hadi saa 1 joto likipita nyuzi 32. Masinia ya Desemba ya Chicago au London huliwa ndani ya nyumba, nje kukiwa na baridi. Pwani yetu mwezi huo inakaribia nyuzi 32 mchana. Kwa hiyo jibini laini na nyama zilizokatwa zitolewe kidogo kidogo, sahani moja ikiisha nyingine inatoka kwenye friji, gramu 60 za nyama na 60 za jibini kwa mtu kama kuna chakula kingine kinachofuata. Sinia la namna hiyo linataka kitu kimoja kisichohamishwa, na pete ya pera inakaa hapo huku vingine vikipokezana. Wajawazito waepushwe na jibini laini ya maziwa yasiyochemshwa na nyama kavu ambazo hazikupikwa, kwa sababu ya bakteria wa listeria. Wao wapewe pera na jibini ngumu.

Majani ya kuzungushia yawe yale yanayolika: rozmari, mnanaa, majani ya mlimau yaliyooshwa. Oleanda, inayopendeza kwenye bustani nyingi za pwani na bara, ina sumu ya moyo, na hata tawi lake halifai kugusa chakula. Waridi za dukani, zikiwemo za Naivasha, zimekuzwa kwa ajili ya chombo cha maua na dawa zilizopuliziwa hazikukusudiwa kumezwa. Mwisho, mwenyeji akate vipande vitatu au vinne vya pete kabla wageni hawajafika, avilaze kando yake juu ya jibini, na kisu akiache hapo hapo. Watu huogopa kuharibu kitu kizima kilichopambwa. Wakikuta kimeshakatwa, wanakula.