Maharage Yanapofika Utumbo Mpana

Ukipeleka kopo la choo kwenye maabara ya hospitali pale Mbalizi, Mbeya, mtaalamu hupaka kidogo kwenye kioo na kutafuta mayai ya minyoo na amiba kwa darubini. Kuna kipimo kingine, ambacho bado ni cha watafiti: kupima kazi ya bakteria wenyewe.

Chukua maharage, chakula cha kila siku Mbeya, zikiwemo zile aina zilizozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Yana sukari za rafinosi na stakiosi. Utumbo mwembamba wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzikata, alfa-galaktosidezi, hivyo hupita humo zikiwa nzima. Bakteria wa utumbo mpana wanacho. Wao huzikata na kuzichachusha, zikatoka asidi zinazolisha ukuta wa utumbo, na gesi, ile inayotutia aibu mbele za watu. Mama lishe anayeloweka maharage usiku kisha akamwaga maji amekwisha kupunguza sehemu ya sukari hizo.

Kujua majina ya bakteria hakutoshi. Mwaka 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa choo cha Wahadzabe 27 wanaoishi jirani na Ziwa Eyasi. Hawakukuta bifidobakteria, kundi linalosifiwa sana Ulaya kwa kusaga sukari za mimea. Hata hivyo Wahadzabe hula mizizi yenye nyuzi ngumu, na kazi ya kuzisaga hufanywa na bakteria wengine.

Ndiyo maana hupimwa kimeng'enya chenyewe. Choo huchanganywa na maji ya chumvi yaliyopoozwa, makapi huondolewa, kisha seli za bakteria hupasuliwa kwa mawimbi ya sauti. Huongezwa galaktosi iliyofungwa na nitrofenoli, kampaundi isiyo na rangi. Kimeng'enya kikikata kifungo hicho, nitrofenoli huachiwa. Tone la sodiamu kaboneti husimamisha kazi na kuitoa rangi ya njano, ambayo mashine huisoma kwenye mwanga wa nanomita 405. Kadiri unjano unavyokolea, ndivyo kimeng'enya kilivyofanya kazi zaidi.

Ugumu uko kabla ya mashine. Choo cha mtu anayeharisha kina maji mengi, kwa hiyo majibu huhesabiwa kwa gramu ya choo kilichokaushwa. Na kopo likiachwa kwenye joto, bakteria huendelea kula na kuzaana humo ndani, wengine wakifa kwa hewa ya oksijeni. Kitakachopimwa jioni ni maisha ya kopo, si ya tumbo.