Saa ya Silikoni Ndani ya Matatu (Sehemu ya Tatu)

Wiki jana tuliona jinsi kipande cha kwatzi kinavyotetemeka na kuipa bodi ya elektroniki mapigo yake. Leo tuingie karakana ya Eldoret, kwa fundi anayeunda kidhibiti mwendo cha matatu, kifaa kilichokazaniwa na kanuni za Waziri wa Uchukuzi wa Kenya, John Michuki, mwaka 2004, ukomo ukiwa kilomita 80 kwa saa. Anataka oskileta ya MEMS, yaani chembe ya silikoni inayotetemeka badala ya kwatzi. Achague ipi?

Wengi hukimbilia usahihi kwanza. Tupige hesabu. Oskileta yenye kosa la sehemu 50 kwa milioni hupotoka sekunde 4 na ushei kwa siku. Kwenye mwendo wa kilomita 80, kosa hilo ni mita 4 kwa saa nzima; hakuna askari wa barabarani atakayelishika. Hata mtandao wa CAN unaounganisha kompyuta za gari huvumilia kosa kubwa zaidi ya hilo mara nyingi. Kipokezi cha GPS ndicho chenye madai makali, na hicho hupewa oskileta yake maalumu. Kwingine, kulipia usahihi wa ziada ni kutupa pesa.

Kinachoua kifaa ni joto na mtikisiko. Eldoret ina baridi, lakini iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na hewa nyepesi hupoza bodi kwa uvivu. Tena matatu haikai Eldoret. Kesho iko Lodwar, imeegeshwa juani. Kiwango cha AEC-Q100, cha chipu za magari, kimegawanywa kwa madaraja: la 3 huishia nyuzi 85 za Selsiasi, la 2 nyuzi 105, la 1 nyuzi 125. Mimi ningechukua la 2 kwa kifaa cha ndani ya dashibodi, na la 1 kwa chochote kinachokaa karibu na injini. Kuhusu matuta na mashimo, silikoni inashinda: chembe yake ni nyepesi mno kuliko kwatzi, kwa hiyo mshtuko hauipati sana.

Ina udhaifu wake pia. Mwaka 2018, katika hospitali moja ya Illinois, Marekani, heliamu ilivuja kutoka kwenye mashine ya MRI na simu nyingi za iPhone zikazima, kwa sababu gesi hiyo ilipenya hadi kwenye oskileta zake. Matatu haibebi heliamu, lakini anayeunda vifaa vya ambulensi alikumbuke hilo.

Kuna na redio. Oskileta ya megahezi 20 hutoa mwangwi kwenye megahezi 100, katikati kabisa ya FM, na dereva atakayesikia mikwaruzo ataking'oa kifaa chako. Tafuta aina inayotawanya masafa yake kidogo.

Udogo usikutie tamaa. Ipo ya milimita 2.0 kwa 1.6, lakini anayelehemu kwa mkono achukue ya 3.2 kwa 2.5. Nafasi hiyo kwenye bodi hupokea pia oskileta za kwatzi zenye pini nne, ila hakikisha volti zinalingana. Pini ya kwanza mara nyingi ndiyo swichi ya kuiwasha, usiiache ikining'inia.

Sehemu ijayo: volti 12 za betri ambazo kamwe hazitulii kwenye 12.