Presha inayopanda na kushuka: Kipimo kimoja hakitoshi

“PRESHA imeshuka, sasa dawa za nini tena?” Kauli hii si ngeni katika nyumba zetu, kuanzia Micheweni hadi Mkoani. Baba anapimwa, anaambiwa namba ziko sawa, dawa zinawekwa kabatini. Kichwa kikimuuma wiki mbili baadaye, anazitafuta tena.

Tatizo hili linagusa familia nyingi. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Zanzibar mwaka 2011 ulionyesha kuwa takriban theluthi moja ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu.

Wengi tunajua presha ikiwa juu ni hatari. Lisilozungumzwa sana ni presha isiyotulia: leo imejaa, kesho imekupwa.

Chukua mfano wa watu wawili waliopimwa mara tatu kwa nyakati tofauti. Namba ya juu ya mmoja ilikuwa 138, 142 na 140. Ya mwenzake ilikuwa 120, 165 na 135. Wastani wao ni ule ule, 140, lakini hali zao hazilingani.

Mwaka 2010, Profesa Peter Rothwell wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na wenzake walichapisha matokeo yao katika jarida la kitabibu la Lancet. Walibaini kuwa wagonjwa ambao namba zao zilitofautiana sana kila walipokwenda kliniki walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kiharusi, hata wastani wao ulipokuwa sawa na wa wengine.

Viungo gani huumia?

Presha ikiruka mara kwa mara, kuta za mishipa hupata mishtuko isiyo na mpangilio. Kwenye ubongo, mshipa unaweza kuziba au kupasuka. Kwenye figo, vichujio vidogo huharibika na protini huanza kuvuja kwenye mkojo. Msuli wa moyo hunenepa kwa kazi nzito, na mishipa ya nyuma ya jicho huweza kuvuja damu. Mengi ya haya hutokea bila maumivu yoyote.

Wakati mwingine presha kuyumba ni dalili kwamba mishipa tayari imekakamaa. Kwa vyovyote vile, daktari anapaswa kujua.

Kwa nini inayumba?

Si kila mabadiliko ni ugonjwa. Presha ya kila mtu hushuka usingizini na kupanda anapoamka au kukasirika. Lakini kuruka dawa, samaki wa chumvi, kukosa usingizi na dawa za maumivu kama diklofenaki huweza kuiyumbisha zaidi. Baadhi ya dawa za presha, kama atenololi, zikiachwa ghafla huweza kuirusha juu kwa kasi.

Familia ifanye nini?

• Dawa inywewe kila siku saa ile ile. Namba nzuri maana yake dawa inafanya kazi. Usiiache wala kuipunguza bila ushauri wa daktari.

• Kabla ya Ramadhani, nenda kliniki. Daktari ndiye atakayepanga dozi za futari na daku.

• Pima kwa utaratibu: usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza, kaa kimya dakika tano, egemeza mgongo, weka miguu chini na mkono usawa wa moyo. Pima mara mbili.

• Andika kila namba kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kumsaidia bibi kazi hii. Daftari hilo liende naye kliniki, kwa kuwa daktari ataona mwendo wa wiki nzima badala ya kipimo cha siku moja.

• Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai. Ng’onda aloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

• Omba kupimwa mkojo na macho, hata kama mgonjwa anajihisi mzima.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, usisubiri apumzike kwanza wala usimwongezee kidonge. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.