Istilahi za Vyombo vya Kupimia Mnururisho wa Jua

Mfasiri anayekutana na majina pirheliometa na piranometa aghalabu huvutiwa kuyapa yote mawili jina moja, kipimajua, kwa kufuata mfano wa kipimajoto na kipimamvua. Jina hilo ni jepesi na lina sura ya Kiswahili. Hata hivyo, huficha tofauti ambayo katika hati ya ununuzi yaweza kuleta hasara.

Nguvu ya jua hutufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni miale itokayo kwenye duara la jua na kufika ardhini bila kupotoshwa. Huo ni mnururisho wa moja kwa moja. Ya pili ni miale iliyotawanywa na mawingu, vumbi au moshi, ikatufikia kutoka pande zote za anga. Huo ni mnururisho uliotawanyika.

Pirheliometa, iliyoelezwa na Mfaransa Claude Pouillet mwaka 1838, hupima ule wa kwanza tu. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya moto, jua na kipimo. Chombo cha siku hizi ni bomba jembamba linaloelekezwa kwenye jua na kulifuata tangu macheo hadi machweo. Piranometa hulazwa bapa, ikiwa na kuba ya kioo, nayo hupokea mnururisho wa anga lote. Chombo cha tatu, cha Campbell na Stokes, ni tufe la kioo linalounguza ukanda wa karatasi. Hicho huonyesha saa za jua kuwaka, wala si nguvu yake.

Tuchukue mfano wa Mpanda, katika Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Wakati wa kiangazi mawingu ni machache, lakini moshi wa mioto ya misitu ya miombo huweza kutanda. Tuseme jua li utosini. Mnururisho wa moja kwa moja ni wati 600 kwa mita mraba, na uliotawanyika ni wati 300. Piranometa itasoma 900, na paneli bapa itapokea zote. Mtambo wa vioo vinavyokusanya miale mahali pamoja utanufaika na zile 600 peke yake. Ikiwa hati inasema tu "kipimajua: wati 900", mnunuzi wa mtambo huo atakosa theluthi nzima ya nguvu aliyoitarajia.

Kwa hiyo tunapendekeza pirheliometa iitwe kipimamwale, piranometa iitwe kipimamnururisho, na chombo cha tatu kiitwe kinasajua, kwa mfano wa kinasasauti. Kipimajua libaki jina la jumla la vyombo vyote vitatu. Katika mikataba na vitabu vya shule, hapana budi jina la kitaalamu litajwe pia mara ya kwanza. Mfasiri mwenye shaka atazame kwanza kizio: saa humwelekeza kwenye kinasajua. Akikuta wati kwa mita mraba, aulize kama ni za mwale peke yake au za anga lote.