Kushirikiana Kumbukumbu si Kuhifadhi

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, watafiti wamerekodi kwa miaka mingi mapigo ya moyo ya watoto wachanga wanaozaliwa bila kupumua. Tuchukue kompyuta yoyote ya kazi kama hiyo. Programu moja hupokea mapigo kutoka kwenye kihisio, ya pili huyachora kwenye skrini mbele ya mkunga, ya tatu huyatunza. Kuipa kila programu nakala yake ni kupoteza muda na nafasi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayofaa kuunda faili moja la pamoja na kuliunganisha na kumbukumbu ya zote tatu.

Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa katika kurasa, mara nyingi za baiti 4096, na kila programu ina jedwali linaloonyesha kurasa zake ziko wapi. Kerneli ikiandika ukurasa uleule katika majedwali matatu, pigo lililoandikwa mara moja huonekana kote bila kunakiliwa. Faili lenyewe halihitaji jina wala folda: kerneli ya mfumo endeshi wa Linux huweza kuliunda likaishi ndani ya RAM tu, yaani kumbukumbu hiyohiyo ya kompyuta, na tangu toleo la 3.17 la mwaka 2014 programu za kawaida nazo huweza kuomba faili la aina hiyo.

Wapo wanaohofia kwamba programu moja mbovu itaharibu takwimu za wenzake. Hofu hiyo ni ya haki, lakini ruhusa hutolewa kwa kila jedwali peke yake: programu ya skrini inaweza kupewa kusoma tu, na kerneli ikakataa ombi lolote la kubadili ruhusa hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la umeme. Ukikatika, kilichomo kwenye RAM hupotea. Hata faili la diski lililounganishwa na kumbukumbu haliko salama papo hapo, kwani kwa mpangilio wa kawaida wa Linux ukurasa uliobadilishwa huweza kusubiri takriban sekunde 30 kabla ya kupelekwa diskini. Hilo halibatilishi ushirikiano, linauwekea mpaka. Programu ya tatu lazima iandike diskini na kuiagiza kerneli ikamilishe uandishi kabla ya kuhesabu kazi imekwisha, kwa sababu dakika ya kwanza ya mtoto hairudi ili ipimwe upya.