Ukifika Mnadani, Gusa Injini Kwanza

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Nyuma yao yakaja mashirika ya misaada na Land Cruiser nyeupe zenye mkonga. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilishakwisha, ya Lukole ikafungwa 2008, lakini mpaka leo ukitaja mnada wa magari Ngara au Biharamulo, watu huulizia kwanza Land Cruiser.

Minada ya serikali ina masharti makali. Gari huuzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Unalipa asilimia 25 papo hapo na kumaliza ndani ya siku 14. Hakuna kurudisha.

Kwa hiyo fika asubuhi, na kabla ya kuomba funguo weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto katika baridi ile ya Ngara, kuna aliyekutangulia kuiwasha. Dizeli iliyochoka hugoma kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto, hata mbovu huunguruma kama mpya.

Injini ya 1HZ iliyo kwenye nyingi ya Land Cruiser hizo, silinda sita za lita 4.2, haina turbo wala kompyuta, hivyo jicho na pua vinatosha. Moshi mweusi usikutishe sana: huenda ni nozeli, au chujio la hewa limeziba. Wa bluu usiokoma maana yake oili inaungua. Mweupe unaoendelea injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni gasketi ya hedi. Mimi niliwahi kuupuuza huo kwenye pikapu moja. Nikalipia gasketi, kisha hedi yenyewe.

Lakini muuaji mkubwa huku kwetu ni vumbi. Gari lililotumikia njia za udongo za Rulenge na Murusagamba limekula vumbi jekundu miaka mingi. Toa chujio la hewa, pitisha kidole ndani ya bomba liendalo kwenye injini. Kidole kikitoka chekundu, vumbi limepita chujio na kusaga ringi na kuta za silinda kama msasa. Achana nalo, hata likiwaka mara moja.

Mara nyingi betri huwa imekufa. Basi funga spana kwenye puli ya krenki uzungushe. Ikigoma kabisa, injini imenoki, na bei yake iwe ya chuma chakavu. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni maji yaliyoingia. Oili mpya inayong'aa kwenye gari lililolala misimu miwili ya mvua nayo ina maswali yake.

Kilomita chache zisikulevye. Magari ya miradi husimama yakiunguruma kutwa nzima, na odometa haihesabu saa.

Ukilipata, usianze safari ya Lusahunga siku hiyohiyo. Badilisha mkanda wa taiming kwanza, maana hujui ulifungwa lini, na ukikatika vali hugongana na pistoni.