Kwa nini wageni wanahamia Dubai, na nini hukumu yake?

Ndugu Waislamu, takriban watu 9 kati ya 10 wanaoishi Dubai ni wageni. Wamevutwa na mambo yaliyo wazi: kazi zipo, mshahara haukatwi kodi ya mapato, na misikiti iko karibu. Lakini kwa walio wengi ukaazi umefungamana na ajira. Kazi ikikatika, kibali nacho hukatika baada ya muhula mfupi.

Kusafiri kutafuta rizki kunajuzu, kwa masharti: kazi iwe ya halali, deni lililofika muda lilipwe au mdai aridhie, na nafaka ya mke na watoto isikatike. Hiyo ni haki yao, si hisani. Basi msafiri asome mkataba wake kabla ya kutia saini, na aweke akiba ya nauli ya kurudi.

Wallahu aalam.